Matofali ya Matanga

Siku ya tatu ya matanga, Marcelline alikuwa bado ameketi pale pale walipomketisha: juu ya godoro lililolazwa sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele, kitenge cheusi kimemfunika mpaka vidoleni. Mumewe Théodore alikuwa mochari akingojea kuzikwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Katika ukoo wa Théodore, huko kwao Lubumbashi, mjane haachi godoro la matanga mpaka mumewe ameingia kaburini. Hapiki, hafagii, hafungui mlango. Akibanwa na haja, wifi yake humshika mkono, humpeleka, humrudisha na kumkalisha tena. Na godoro halipandi kitandani, maana mwenye kitanda hayupo. Kwa hiyo kitanda walikuwa wamekisimamisha ukutani miguu ikiangalia mlango, na chumba kizima kimejaa akina mama wa kanisa wameketi chini, bega kwa bega, wakiimba kwa sauti ndogo ya watu waliochoka.

Aliyekuwa akisimamia yote hayo ni Arlène, dada yake Théodore. Alikuwa amepanda basi siku ile ile ya habari, siku mbili njiani, miguu ikavimba kama mikate, akafika Johannesburg akiwa na kifurushi cha dagaa aliowapenda kaka yake. Kaka mwenyewe akaonyeshwa akiwa kwenye droo ya chuma. Tangu hapo Arlène hakuwa na kitu kingine cha kumfanyia ila kuhakikisha kwamba desturi zote zimefuatwa, hata moja isidondoke.

"Kula kidogo, wifi," alisema, akimsogezea Marcelline sahani ya bukari, ule ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo.

"Haushuki."

"Utashuka. Bado una siku mbili za kulia. Machozi nayo yanataka nguvu."

Marcelline akamega tonge moja, akalizungusha mkononi mpaka likapoa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya chini, katika mtaa wa nyumba tisa huko Bertrams, mtaa unaoteremka na kuishia kwenye mtaro mkubwa wa maji ya mvua. Mbele Théodore na Marcelline walikuwa na duka la kushona, nyuma ndiko walikolala. Wapangaji wa mtaa ule walitoka kila upande: Wakongo, Warundi, Wazimbabwe, na jirani yao wa ukuta mmoja, mzee Ishaka wa Kigoma, fundi viatu.

Miaka miwili na kitu iliyopita, mwezi wa pili, mvua ya saa tisa mchana iliuteremkia mtaa ule kama iliyotumwa. Maji yaliingia majumbani, na kwa kawaida yangepita tu, yakaingia mtaroni na kwenda zake. Lakini siku hiyo hayakupita. Godoro moja lilielea likatoka mlangoni, likashuka na mtaa wote, likafika kwenye wavu wa chuma wa mtaro na kujibandika pale kama kizibo. Maji yakarudi nyuma yakipanda. Mke wa Ishaka, Mama Suhaib, alikuwa amelala na homa. Ishaka alikuwa mjini Marshalltown akinunua soli. Aliporudi, majirani walikuwa wamekwisha kumtoa mkewe na kumlaza juu ya meza ya duka, wamemfunika.

Godoro lile lilikuwa na foronya ya maua ya buluu. Marcelline ndiye aliyeishona, kwa kitanda chao wenyewe. Mtaa mzima uliliona likivutwa kutoka kwenye wavu, na Ishaka aliliona pia. Hakuna aliyesema neno, siku hiyo wala baadaye.

Ila Théodore hakuwa mtu yule yule tena. Aliacha bia. Akaanza kuzunguka ofisini kwa watu. Makampuni ya bima yalikuwa yameukataa mtaa wao kabisa, au yalitaja ada ambayo mtu angeona afadhali kuacha vitu vyake viende na maji. Mwishowe Théodore akapata kampuni moja huko Randburg iliyokuwa na mpango: mtaa ukijikinga wenyewe, ada inashuka. Masharti hayakuwa magumu kuyaeleza. Mtaro uzibuliwe kila Jumamosi. Vitanda, mafriji na mashine viinuliwe juu ya matofali. Kitu chochote kinachoweza kuelea kisilale sakafuni. Mkaguzi angekuja kila baada ya miezi mitatu, na nyumba zote tisa zikipita kila safari kwa miaka miwili, kila nyumba ingepunguziwa theluthi ya ada. Nyumba moja ikianguka, zote tisa zinarudi mwanzo.

Matofali Théodore aliyatafuta mwenyewe, kwenye jengo lililokuwa likibomolewa mjini, akayasukuma na toroli ya supamaketi safari baada ya safari. Aliyapaka chokaa. Na kila Jumamosi, kabla watu hawajashika koleo, alikuwa anawasimamisha karibu na mtaro kama watoto wa darasa la pili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu habishi hodi wala haketi kitini, lakini akiondoka, kitanda changu anacho."

"Mwenye nyumba akidai kodi!" alikuwa akijibu Ishaka, na watu wanacheka.

"Mji nipe."

"Chukua Kigoma, hakuna anayeitumia."

"Nimekwenda Kigoma, nimekula migebuka, nimerudi. Ni mafuriko, enyi wavivu. Haya, inameni."

Jumatatu asubuhi, akiwa ameinama na uzi mdomoni akitafuta tundu la sindano, moyo wa Théodore ulisimama. Marcelline alidhani ameangusha kitu na anakitafuta chini ya meza.

Sasa, matanga ni watu, na watu ni chungu. Wageni walipofika arobaini, majiko ya gesi hayakutosha. Akina mama wakatoka uani kutafuta mafiga ya kutegea masufuria makubwa ya kanisa. Uani hapakuwa na mawe. Lakini chumbani, kitanda kikiwa kimekwisha kusimamishwa ukutani, matofali manane meupe yalikuwa yamebaki sakafuni hayana kazi. Na chini ya meza ya cherehani yalikuwepo mengine manne. Wakayachukua yote kumi na mawili. Nani angewauliza? Kila matanga waliyoyajua, toka Likasi hadi Bukavu, tofali lililo karibu ndilo figa. Marcelline mwenyewe aliyaona yakipita mbele ya macho yake, mikononi mwa mama mmoja, na hakuwaza lolote. Alikuwa anawaza kama soksi walizompelekea mochari ni pea moja.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Alhamisi ile, kama saa nne asubuhi, gari dogo jeupe liliposimama nje na akashuka dada mmoja mwenye buti za mpira na daftari la plastiki kwapani. Jina lake Jennifer, Mkenya, mkaguzi wa kampuni ya bima. Tarehe ya ukaguzi aliijua Théodore peke yake.

"Hodi hapa! Namtafuta Mzee Théodore."

Ishaka alikuwa kwenye benchi langoni, akipokea wageni. Akavua kofia.

"Mzee Théodore amehama, dada yangu. Kapata nyumba isiyolipiwa kodi."

Wanawake waliokuwa karibu na masufuria wakacheka na kulia kwa wakati mmoja, maana watu wa Kigoma hawawezi kukaa msibani bila utani. Jennifer naye akaanza kutabasamu. "Amehamia wapi?" Kisha akaona moshi, akaona viti vimegeuziwa ukuta, akaona picha ya Théodore juu ya stuli, imezungushiwa kitambaa. Tabasamu likamwishia usoni.

"Ai, jamani. Lini?"

"Jumatatu."

Akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya Marcelline na kumshika mikono yote miwili. "Pole, mama. Pole sana. Alikuwa ananitegea vitendawili kwa simu, unajua? Kila nikipiga kuhusu fomu, kwanza lazima nitegue."

"Najua," Marcelline alisema. "Alikuwa ananiambia unashindwa."

Jennifer akacheka machozi yakimtoka. Halafu, akiwa bado amepiga magoti, macho yake yakateremka yenyewe kwenye godoro. Yakaenda kwenye kitanda kilichosimamishwa. Yakaenda kwenye meza ya cherehani, miguu yake minne ikiwa imekaa sakafuni moja kwa moja. Kupitia dirishani yakafika uani, kwenye matofali yaliyokuwa meupe.

Marcelline aliyafuata macho yale mpaka mwisho. Hapo ndipo alipokumbuka ukaguzi.

"Ni leo?"

"Ni leo, mama. Ya mwisho. Ya nane."

Hata waliokuwa hawajui bima ni nini walielewa kwamba kuna kitu kimeingia.

"Andika tu umekuta msiba, binti," alisema Arlène. "Wewe si Mwafrika? Kwenu hawafi?"

"Wanakufa, mama. Nikiandika msiba, ofisi itaahirisha. Lakini miaka miwili inatimia Jumamosi. Siku ikipita bila ukaguzi, hesabu inaanza upya kwa nyumba zote tisa. Na siwezi kuandika nimekiona ambacho sikukiona. Nikiandika, na mvua ije kesho..." Hakumaliza. Alisimama, akapangusa magoti. "Nitaanza na zile nane. Saa moja, saa moja na nusu hivi. Hapa nitakuja mwisho. Ndiyo nafasi niliyo nayo."

Akatoka. Wanawake wakaanza kusema wote pamoja.

"Mwekeni mjane juu ya kitanda na godoro lake, basi!"

"Juu ya kitanda?" Arlène aligeuka. "Akae juu kama bibi harusi, watu waje kumpa mkono wa pongezi?"

"Ahamie kwa jirani."

"Kwa jirani gani? Si wote wanakaguliwa? Na mvua ile inakuja, uani hakukaliki." Arlène alichuchumaa mbele ya Marcelline, akashusha sauti. Haikuwa sauti ya ugomvi. "Wifi yangu. Nimekuja siku mbili kwenye basi. Mama yetu ni mzee, hawezi kusafiri, kanituma mimi niwe macho yake. Akiniuliza mwanangu alililiwa vipi, nimwambieje? Nimwambie mkewe aliinuka kabla hatujazika, akapanga chumba? Ukiinuka umemfukuza. Unajua hivyo."

"Najua," Marcelline alisema.

"Basi kaa."

Carmel, binti yao, aliyezaliwa hapo hapo Johannesburg, alikuwa amesimama mlangoni. Kiswahili alikisikia chote ila kukisema kulimpa aibu. "Eish, mama," akasema, na mengine akayamaliza kwa Kiingereza: kwamba baba angetaka waombolezaji wapate chakula, asingetaka mtu ateseke kwa sababu ya fomu.

Ishaka akapita katikati ya wanawake, kofia mkononi, akasimama mbali kidogo na godoro kwa heshima.

"Shemeji, kaa ulipo. Bima! Tuliishi bila bima, tutaishi. Mimi nikiwa na nyundo na kiti changu, kuna nini cha kuchukuliwa?"

Alisema kwa mzaha, kama kawaida yake. Lakini Marcelline alikuwa amemsikia wiki tatu nyuma, kupitia ukuta ule mwembamba, akimwambia Théodore kwamba ada nzima imemshinda, kwamba punguzo lisipokuja atajitoa. Na Théodore akamjibu, "Vumilia, kaka. Vumilia miezi hii. Nilikuahidi." Kisha Théodore alirudi chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni, akawa anainama na kuyagusa matofali yale, moja moja, kama mtu anayehesabu watoto wake kabla ya kuzima taa. Ndivyo alivyofanya kila siku kwa miaka miwili. Marcelline hakuwahi kumuuliza anatafuta nini pale chini. Na yeye alikuwa anaikumbuka foronya ya maua ya buluu.

Alimtazama Ishaka. Mzee yule alikuwa akilitazama godoro, na alipoona ameonwa akageuza macho haraka, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Marcelline akakunja miguu.

"Wifi," alisema Arlène.

Akaweka kiganja ukutani. Siku tatu za kukaa zilikuwa zimempotezea magoti. Akainuka nusu, akarudi, akainuka tena. Kitenge kikamwanguka mabegani. Mama mmoja alitoa kilio kirefu kama cha siku ya kwanza.

"Wifi, nakuomba."

"Nisamehe," Marcelline alisema, akapita.

Uani, sufuria moja ilikuwa ya maharage, nyingine ya maji ya bukari. Hakuna mwanamke aliyesogea kumsaidia, kwa maana Arlène alikuwa amesimama mlangoni na kusema, bila kupaza sauti, kwamba anayetaka kushika tofali ashike, lakini matanga ya kaka yake asiyaite matanga tena. Marcelline akajaribu kuishika sufuria ya maji kwa upindo wa kitenge. Ilikuwa nzito. Mikono ya Ishaka ikatokea upande wa pili, imefungwa vipande vya ngozi ya viatu. Wakaishusha wawili, wakaishusha na ya pili. Moto Marcelline akaumwagia maji, moshi ukapanda ukaingia ndani kwa waimbaji.

Matofali yalikuwa yakiunguza. Aliyabeba mawili mawili juu ya kipande cha ngozi, akiyapuliza, masizi yakimpaka kifua na kidevu. Carmel akaacha mlango, akaja akashika na yeye. Kitanda wakakishusha kutoka ukutani. Chini ya kila mguu, mawili. Chini ya meza ya cherehani, moja moja. Kisha Marcelline akalikunja godoro la matanga lililokuwa bado na joto la mwili wake, akaliinua na kulilaza kitandani, akalifunga kwa kamba kama Théodore alivyowafundisha, ili lisielee.

Akina mama walikuwa wameinuka mmoja mmoja kumpisha. Alipomaliza, chumba kilikuwa kimebaki na nafasi kubwa katikati.

Jennifer aliingia. Alipiga picha kitanda, akapiga picha meza. Tofali moja lilikuwa limebaki na alama ya kitako cha sufuria, duara jeusi. Aliinama akaligusa, akavuta mkono. Bado lilikuwa la moto. Aliandika, akatoa kalamu, akamwonyesha Marcelline mahali pa kutia sahihi, pale palipoandikwa mwenyekiti wa mtaa, nafasi aliyokuwa nayo Théodore.

"Mmepita," alisema. "Zote tisa. Theluthi, kuanzia mwezi ujao." Na alipoona hakuna anayefurahi, akaongeza taratibu, "Mama, nisamehe mimi."

"Umefanya kazi yako, mwanangu."

Ishaka alikuwa amesimama langoni. Akataka kusema la utani, akaliacha. Akavaa kofia yake akaenda kukaa kwenye kiti chake cha kazi, akachukua kiatu cha mtu, na akakishika tu.

Kabla ya saa nane mchana Arlène alikuwa ameyahamisha matanga. Kanisa lilikuwa na ukumbi Berea, ghorofa ya pili, na wanawake walibeba masufuria, picha, viti, na hata kile kifurushi cha dagaa. Hakutukana. Hilo ndilo lililomuuma Marcelline zaidi, kwamba hakutukana. Alimkumbatia Carmel, akamshika kichwa kwa muda mrefu, kisha akampita mama yake Carmel kama mtu anavyopita mbele ya nyumba aliyowahi kupanga.

Mvua ilinyesha jioni, ya kawaida, ikaenda zake mtaroni. Usiku ule Marcelline hakujua alale wapi. Juu ya kitanda hakuthubutu, na sakafuni hapakuwa na kitu. Alilala kwenye kiti cha cherehani, kichwa mezani.

Jumamosi makaburini kulikuwa na hema la kijani, na chini yake viti vya familia. Kiti cha mjane, chenye kitambaa cheusi, kilikuwa kimekunjwa na kuegemezwa kwenye nguzo. Marcelline alikiona akiwa bado mbali. Carmel akaanza kuvuta pumzi za ugomvi, na mama yake akamkaza kidole gumba mkononi mpaka akatulia.

"Nenda ukae na shangazi yako," alimwambia. "Wewe nafasi yako ipo."

"Na wewe?"

"Nenda."

Yeye akasimama nyuma, pamoja na watu wa mtaa. Walikuwa wamekuja wote, nyumba nane, wamevaa vizuri walivyoweza. Ishaka alikuwa amempigia kila mmoja rangi ya viatu. Walimzunguka kidogo kidogo, bila kusemezana, mpaka akawa katikati yao, na kutoka pale aliona tu migongo ya waliokaa chini ya hema na ncha ya jeneza.

Jeneza liliposhushwa, mchungaji akaita familia. Kwa desturi yao udongo wa kwanza ni wa mke. Unatupwa jeneza likiwa bado halijafunikwa na udongo, ubao unalia, na wazee husema hapo marehemu anajua kwamba ameagwa na mkewe. Marcelline alisikia ubao ukilia. Alijua ni mkono wa Arlène, kwa sababu baada ya sauti ile alimsikia akimwita kaka yake kwa neno la kwao, "Yaya! Yaya wangu!" mpaka wakamshika. Kisha Carmel. Kisha wajomba, kisha kanisa, kisha marafiki wa soko, mstari mrefu. Kila mkono, sauti ya ubao ilipungua.

Watu wa mtaa walipofikiwa, walikuwa wa mwisho. Ishaka, aliyekuwa mbele yake, akasogea pembeni.

"Tangulia, shemeji."

"Tangulia wewe," alisema Marcelline. "Alikuahidi wewe."

Mzee akachota udongo kwa mikono yote miwili, akautupa, akasimama pale kwa muda mrefu kuliko wote. Midomo ilikuwa inacheza. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa, na hakuupangusa.

Marcelline akafika ukingoni. Jeneza halikuonekana tena hata kona. Alichota kiganja kimoja, akanyoosha mkono, akaachia. Udongo ukaangukia udongo, haukutoa sauti yoyote.

Akasubiri kidogo. Wanaume wenye makoleo walikuwa wakimwangalia kwa adabu, wakingojea aondoke ili wamalize.